“Baba” ya Mtoto wa Nyanchwa: Uhakiki wa Nadharia ya Jakobson

Roman Jakobson, katika kitabu chake cha 1941 kihusucho lugha ya watoto, aliugawa usemi wa mtoto mchanga katika vipindi viwili vilivyotengana. Katika cha kwanza mtoto hubwabwaja tu, akitoa sauti za kila namna. Katika cha pili huziacha nyingi, kisha huanza kuujenga mfumo wa fonimu za lugha ya kwao. Katika makala yake ya 1960 alieleza kwamba neno mama latokana na mguno wa nazali autoao mtoto anyonyapo, ilhali papa, lenye kipasuo, humwelekea mzazi wa kiume. Hoja hiyo aliitegemeza kwa maneno 1,072 yaliyokusanywa na Murdock, ambamo nazali zilikuwa nyingi katika majina ya mama kuliko ya baba.

Wingi huo haukanushiki. Lakini wingi si sababu, na Ekegusii chadhihirisha hivyo. Katika lugha hiyo baba ni mzazi wa kike. Wa kiume ni tata. Huko Nyanchwa, kando ya mji wa Kisii, Ekegusii na Kiswahili husikika pamoja. Mtoto wa miezi minane akitamka ba-ba-ba, msemaji wa Ekegusii atasema mama ameitwa. Jirani yake Mswahili atasema ameitwa baba. Mtoto mwenyewe hajamwita yeyote. Ni wasikiaji waliozipa silabi hizo maana, kila mmoja kwa kamusi yake. Kijojia nacho, ambamo mama ni mzazi wa kiume, chatoa ushahidi huo huo.

Zaidi ya hayo, b ya Ekegusii isipotanguliwa na nazali ni kikwamizo cha midomo, si kipasuo. Kwa hiyo hata mtoto akitoa kipasuo safi, masikio ya watu wazima huisahihisha sauti hiyo kabla ya kuipokea kuwa neno.

Dai la utengano nalo limedhoofika. Mwaka 1984 Boysson-Bardies na wenzake walionyesha kwamba wasikilizaji Wafaransa waliweza kutambua mbwabwajo wa watoto wa Kifaransa katikati ya ule wa watoto wa Kiarabu na wa Kikantoni. Mwaka 1988 Oller na Eilers walionyesha kwamba watoto viziwi huchelewa kutoa silabi kamili. Sikio, basi, lafanya kazi kabla ya neno la kwanza. Linalobaki imara kwa Jakobson ni kwamba sauti za midomo na irabu a ni miongoni mwa zitanguliazo.

Suala hili si la nadharia tupu. Mzazi wa Kigusii aulizwapo kama mtoto ameanza kusema, naye akajibu kwamba asema baba, mwulizaji aliyezoea Kiswahili ataandika kwamba mtoto amtambua baba yake. Kosa hilo laweza kuingia katika takwimu, na takwimu zikaingia katika vitabu vya kufundishia. Hapana budi basi mwenye kurekodi mbwabwajo aandike pia ni nani aliyeusikia, kwa lugha gani, na alijibu nini. Bila hayo, kinachoandikwa kuwa neno la kwanza la mtoto ni neno la msikiaji wake.