Nani aliyempoteza msomaji ndani ya Mzingile?

Zaidi ya miaka 30 imepita tangu Euphrase Kezilahabi atoe Mzingile (1991), riwaya yake ya sita na ya mwisho, na lalamiko la wasomaji ni lile lile: haieleweki, haina mwisho. Mwaka mmoja kabla yake alikuwa ametoa Nagona. Wahakiki wengi huvisoma vitabu hivyo viwili kama kazi moja, kwa hiyo aliyetoka Nagona kichwa kikimzunguka alitarajia Mzingile imfungulie mlango. Haikumfungulia. Akangoja cha tatu. Mwandishi akafariki Januari 2020 bila kuchapisha riwaya nyingine.

Rosa Mistika ilipotoka mwaka 1971 watu waligombana, na kwa muda ikapigwa marufuku katika shule za Tanzania. Lakini aliyeichukia alijua anachokichukia. Mzingile haikubahatika kupata hata ugomvi wa namna hiyo. Wengi waliifunika tu wakaiweka kando, na kwa mwandishi hilo ni baya kuliko marufuku.

Vyuoni tumezoea kujibu kwamba msomaji wa Kiswahili ni mvivu. Jibu hilo mimi silikubali. Vitabu vyenyewe kila kimoja hakifiki kurasa 100. Uvivu gani huo? Mfanyabiashara mmoja wa vitunguu pale sokoni Kongowea, mtu anayelisoma gazeti toka ukurasa wa kwanza hadi matangazo ya vifo, aliniambia waziwazi: "Mwalimu, mie nimeisoma yote. Katutia njiani, kisha katwacha. Hadithi gani haina tamati?" Huyo si mvivu. Amefika ukurasa wa mwisho, na anachokilalamikia ni umbo la kazi. Katoka katika jadi ambamo paukwa hujibiwa pakawa na hadithi hufungwa.

Na jadi hiyo hiyo haiogopi ajabu hata kidogo. Fumo Liyongo hauawi ila kwa sindano ya shaba kitovuni, na akisha kufa amepiga goti kisimani na uta wake mkononi, watu wanaogopa kwenda kuteka maji. Sijapata kumsikia mtu wa Pwani akisema kisa hicho hakieleweki. Shaaban Robert naye, katika Adili na Nduguze, ana majini na ndugu waliogeuzwa manyani, na wazee wetu waliisoma wakicheka.

Basi tatizo liko wapi? Sehemu yake ni yetu sisi wahakiki, na inaanzia kwenye istilahi. Kazi hizi tunaziita za uhalisia-mazingaombwe. Sasa mazingaombwe, kwa mtu wa Kongowea, ni yule bwana wa kiinimacho anayekusanya watu njiani kisha akapitisha kofia. Umeshamwambia msomaji kwamba atachezewa. Akifika mwisho asione kitu mkononi, atajiona kaibiwa. Ilhali jina alilochagua mwandishi lilikuwa la kweli. Mzingile, ndugu yake zinga na zingira, ni njia zinazozunguka na kurudiana. Aliyeingia humo hakuahidiwa kutoka, na jalada lilimwambia mapema.

Sehemu nyingine ni ya Kezilahabi mwenyewe. Katika Nagona anawaleta kina Plato, Marx, Nietzsche na Freud, na asiyewahi kukutana nao darasani huachwa barazani wenzake wakizungumza ndani. Kisha tukaja sisi na tasnifu zetu, tukaongeza kuta. Mzingile ni nyepesi zaidi, na kwangu mimi ndiyo bora ya hizo mbili: kuna Kakulu, ambaye kuzaliwa kwake kunasimuliwa kama ngano, na kuna msafiri anayempelekea habari ya kifo. Mtu wa ngano anaingia humo bila kubisha hodi.

Bina-Adamu! ya Wamitila (2002) na Babu Alipofufuka ya Said A. Mohamed (2001) zilipita njia hiyo hiyo, na wanafunzi wangu huzisoma bila manung'uniko mengi. Nadhani ni kwa sababu utandawazi na ufisadi vinaonekana humo hata katikati ya maajabu.

Anayetaka kujaribu tena basi aanze na Mzingile, ndipo aende Nagona. Miaka ya uchapishaji si amri. Asome kwa sauti, kidogo kidogo, usiku, bila mwongozo wowote mkononi. Akikwama, avuke aendelee.