Sekunde sita za Faith Kipyegon

Kusimulia ushindi tunajua. Hapa Eldoret tunajua kuliko wengi: tangu Agosti 2024, mji wetu ulipopewa hadhi ya jiji, tunajiita Jiji la Mabingwa bila kupepesa macho. Sasa niambie, Jiji la Mabingwa humwambia nini bingwa aliyeshindwa? Nimejiuliza hivyo kila nikisoma au kusikiliza stori za Faith Kipyegon za mwaka 2025. Naona wasimulizi wetu wana dawa moja tu: wanaharakisha.

Tuanze na mbio zenyewe. Tarehe 26 Juni 2025, katika uwanja wa Charléty jijini Paris, Kipyegon alijaribu kuwa mwanamke wa kwanza kukimbia maili moja chini ya dakika 4. Nike walikuwa wameandaa kila kitu: vazi la kupunguza upepo, viatu vipya, na wakimbiaji 13 wa kumwekea kasi na kumkinga, wengi wao wanaume. Rekodi yake ya dunia, ya Monaco 2023, ilikuwa 4:07.64. Alimaliza kwa 4:06.91. Hakuna mwanamke aliyewahi kukimbia maili kwa kasi hiyo, hata kama mbio hizo hazikuandaliwa kwa masharti ya rekodi rasmi. Lakini tukio lilikuwa limebatizwa Breaking4. Kwa kipimo cha jina hilo, alishindwa kwa sekunde sita na ushee.

Siku tisa baadaye, huko Eugene, Marekani, akakimbia mita 1500 kwa 3:48.68, rekodi mpya ya dunia. Hapo wasimulizi wakapumua. Paris ikageuka ghafla kuwa maandalizi, ngazi, sijui somo. Sekunde sita zikasahaulika kabla hatujaziangalia vizuri.

Mtindo huu si mgeni. Mwenzake wa kambi ya Kaptagat, Eliud Kipchoge, alijaribu kuvunja saa 2 za marathoni kule Monza, Mei 2017, akamaliza kwa 2:00:25. Oktoba 2019, Vienna, akapata 1:59:40. Leo ukitaja Monza mahali, mtu anakukatiza na Vienna kabla hujamaliza sentensi. Yaani kushindwa kwa Kipchoge tumekupa heshima kwa sababu kulilipa. Tunakuchukulia kama mkopo: ukirejeshwa na faida, wewe shujaa. Usiporejeshwa je?

Mwaka huohuo wa Monza, Marekani kulikuwa na timu ya wanawake ya mpira wa kikapu ya chuo cha Connecticut. Walikuwa wameshinda mechi 111 mfululizo. Machi 31, Mississippi State wakawachapa 66–64 katika muda wa ziada, kwa kikapu cha sekunde ya mwisho. Kwa fomula yetu, mwaka uliofuata walipaswa kutwaa taji. Wapi! Walifika tena nusu fainali, wakang'olewa tena katika muda wa ziada, na taji lililofuata walilipata 2025. Wachezaji waliokuwa uwanjani usiku ule walikuwa wameshamaliza chuo zamani. Kama kushindwa ni ngazi, wao walipanda wapi?

Ndiyo maana nadhani msimulizi bora wa mbio za Paris alikuwa Kipyegon mwenyewe. Baada ya mbio alisema ameonyesha kwamba jambo hilo linawezekana, na kwamba siku moja mwanamke atafika, awe yeye au mwingine. Soma tena hayo maneno mawili: au mwingine. Hakuahidi kulipa kisasi. Hakuomba tumngoje. Alikubali kuwa huenda kazi yake ikazaa matunda kwenye miguu ya mtu mwingine.

Sidhani ni bahati kwamba anatoka Kaptagat. Kocha wa kambi hiyo, Patrick Sang, alipata fedha katika mita 3000 kuruka viunzi na maji kwenye Mashindano ya Dunia ya 1991, fedha kwenye Olimpiki ya Barcelona 1992, na fedha tena kwenye Mashindano ya Dunia ya 1993. Dhahabu ya ngazi hizo hakuipata kamwe. Mwalimu wa mabingwa wetu ni mtu wa nafasi ya pili, na kazi yake ikazaa matunda kwenye miguu ya wengine.

Septemba 2025, Tokyo, tulipewa nafasi nyingine ya kujifunza kusimulia. Kipyegon alitwaa dhahabu ya mita 1500, halafu kwenye mita 5000 Beatrice Chebet akamtangulia: 14:54.36 kwa 14:55.07. Kwetu ilikuwa sherehe, Kenya namba moja na mbili, na sherehe ilistahili. Lakini bendera ilifunika kitu kizuri: mwanamke ambaye kwenye mita 1500 hajashindwa tangu Florence, Juni 2021, anachagua kurudi kwenye mbio ambazo Chebet alishamshinda kwenye Olimpiki ya Paris. Bingwa anayelinda jina hafanyi hivyo.

Tuna methali yetu, asiyekubali kushindwa si mshindani. Tunaitumia vibaya. Tunamtupia aliyeanguka, hasa baada ya kura, ili anyamaze. Mimi naisoma kama maelezo ya kazi: kukubali kushindwa ni sehemu ya kushindana, kama vile kupumua ni sehemu ya kukimbia.

Kwa hivyo itazame tena video ya Paris, na Eugene uisahau kidogo. Mizunguko mitatu ya kwanza yuko karibu na ratiba. Wa nne unamkaba. Saa inamwacha, na yeye hapunguzi, anakimbia mpaka mstari wa mwisho na kuanguka chini. Huo mzunguko wa nne ndio stori. Haikuhitaji rekodi ya siku tisa baadaye ili istahili kusimuliwa.