Namna ya Kupima Ubora wa Tangi la Nyasi Bahari

Nyasi bahari ni mimea kamili yenye mizizi, majani, maua na mbegu, iliyozoea kuishi ndani ya maji ya chumvi, na kwa hiyo haifai kuchanganywa na mwani, ambao hauna mizizi ya kunyonya chakula na ambao wakulima wa Paje na Jambiani, Zanzibar, huufunga kwenye kamba na kuuacha ukue majini. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa hukumu yoyote juu ya tangi dogo la nyasi bahari, yaani chombo cha kioo chenye ujazo wa lita 100 hivi ambamo mimea hiyo huoteshwa nyumbani au darasani, kwa sababu afya ya mmea wenye mizizi huamuliwa mchangani kabla haijaonekana kwenye majani.

Mchanga unaofaa ni ule laini wa chokaa, uliotokana na matumbawe na makombe yaliyosagika, nao uwe na kina cha sentimita 10 hadi 15. Shina tambazi, yaani shina linalotambaa kwa mlalo chini ya mchanga na kutoa mizizi na machipukizi kwenye vifundo vyake, halipati pa kujishikiza katika tabaka la sentimita tatu linalotosha kwa tangi la samaki wa mapambo. Kina hicho kina gharama yake, kwani oksijeni haifiki chini, na bakteria waishio huko huzalisha haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya yai viza ambayo ni sumu kwa mimea. Nyasi bahari hujikinga kwa kupitisha oksijeni kutoka majanini, kupitia mirija ya hewa iliyomo ndani ya mmea, hadi kwenye ncha za mizizi, ambako huvuja na kuibatilisha sumu hiyo kabla haijapenya. Mchana majani hujitengenezea oksijeni kwa usanisinuru, ambao ni utengenezaji wa chakula kwa nguvu ya mwanga. Usiku hutegemea ile iliyoyeyuka majini. Ndiyo maana mwenye tangi anayezima pampu usiku ili kuokoa umeme huweza kuikuta mimea yake imeoza kwenye kitako, pale jani jipya linapoanzia, ilhali ncha zingali kijani na wageni wangali wanazisifu.

Ili kuukagua mchanga, sehemu ya chini ya kioo ifunikwe kwa kitambaa cheusi na kufunuliwa wakati wa ukaguzi tu, kwa kuwa mwanga unaopenya ubavuni huotesha mwani kwenye kioo na kumdanganya mkaguzi. Rangi ya kijivu katika kina ni ya kawaida, na katika tangi bora mchanga unaougusa mzizi huwa na rangi nyepesi kuliko ule wa kando, dalili kwamba oksijeni inavuja. Weusi uliopanda hadi karibu na uso wa mchanga, pamoja na harufu ya yai viza mrija mwembamba unapovuta maji ya kona moja, ni kasoro ambayo hakuna wingi wa majani unaoweza kuifidia.

Jani nalo lisomwe kuanzia chini, kwa kuwa nyasi bahari hurefuka kutoka kitakoni na ncha ndiyo sehemu yake kongwe kuliko zote. Utando wa kahawia kwenye ncha za Thalassia hemprichii, nyasi yenye majani bapa kama utepe, hauna ubaya. Utando uliolifikia jani changa, hata hivyo, huonyesha kwamba naitreti na fosfeti, yaani virutubisho vilivyomo majini, vimezidi na vinaulisha mwani. Mbolea, ikihitajika, ifukiwe karibu na mizizi. Mapovu pia yana lugha yake: vitone vidogo vilivyotapakaa juu ya jani zima mwanga ukiwa mkali ni oksijeni ya usanisinuru, lakini uzi wa mapovu unaotoka mahali pamoja mara nyingi ni hewa ivujayo kwenye jeraha, na aghalabu muuzaji huuonyesha kama ushahidi wa uzima.

Kuhusu maji, inatosha kusema kwamba chumvi iwe karibu gramu 35 kwa kila kilo ya maji, joto liwe kati ya nyuzi 25 na 28 za Selsiasi, na maji yanayopotea kwa mvuke yafidiwe kwa maji yasiyo na chumvi, kwani chumvi yenyewe haipandi na mvuke. Tasi na pono wasiingizwe, kwa kuwa hula nyasi hizo.

Asili ya mimea ni sehemu ya ubora wake. Ndani ya hifadhi ya bahari kama ile ya Mafia, iliyotangazwa mwaka 1995, haifai kung'oa kitu bila kibali, na hata nje ya hifadhi kipande kilichopatikana kihalali hakina thamani kikikosa ncha hai ya shina tambazi, iliyo nyeupe na ngumu inapobonyezwa, kwa sababu ukuaji wa mlalo huanzia hapo. Halophila ovalis, yenye majani ya mviringo yanayoota mawilimawili, humfaa anayeanza, kwani hutambaa upesi, ilhali Enhalus acoroides, ambayo majani yake huweza kupita mita moja, haina nafasi katika chombo kidogo. Tangi lisihukumiwe kabla ya miezi kadhaa kupita, maana majani mengi huanguka baada ya mimea kupandwa huku shina likiwa hai. Likiwa limetoa machipukizi mahali ambapo hakuna aliyeyapanda, basi ni tangi zuri. Likibaki na vishina vilevile vya siku ya kwanza, hata viwe virefu namna gani, bado halijafaulu.