'Hasi' ya maabara si 'hasi' ya mgonjwa

Si mara moja nimesoma tafsiri za masuala ya afya zisemazo kwamba bakteria hutiwa 'madoa ya gramu', kisha hugawanywa kuwa 'gramu chanya' na 'gramu hasi'. Maneno ni ya Kiswahili, naam. Maana je?

Tuanze na 'gramu'. Msomaji atadhani bakteria wanapimwa uzani. Kumbe Gram ni jina la mtu! Hans Christian Gram, daktari kutoka Denmark, alichapisha mbinu hiyo mnamo 1884 akiwa Berlin. Basi tuandike Gram, kwa herufi kubwa na bila irabu ya kupachika.

'Doa' nalo ni uchafu au aibu. Mtaalamu wa maabara hachafui kitu, anatia rangi. Hutia zambarau, akafuatisha iodini, akasuuza kwa alkoholi, kisha akatia nyekundu. Bakteria wenye ukuta mnene wa seli huing'ang'ania zambarau. Wenye ukuta mwembamba huiachia, wakaonekana wekundu chini ya hadubini. Tofauti hiyo humsaidia daktari kuchagua dawa.

Kosa zito zaidi ni 'hasi'. Hebu chukulia mfugaji wa Balambala aliyefika hospitalini mjini Garissa, Kiswahili kikiwa lugha yake ya pili baada ya Kisomali. Makohozi yake yakipimwa kifua kikuu, 'hasi' humaanisha kwamba bakteria hawakuonekana. Mwenziwe naye apimwe damu, aambiwe ana bakteria wa 'gramu hasi'. Hapa wameonekana, tena ni wa kutibiwa! Akiishika ile 'hasi' ya kwanza, atarudi kwa ngamia wake bila dawa. Na kundi hilo si la mzaha: wamo bakteria wa kipindupindu, kilichozuka kambini Dadaab mwaka wa 2015, na wale wa brusela, wanaoweza kuambukizwa kupitia maziwa mabichi. Isitoshe, kwa mfugaji kuhasi ni kumfanya dume maksai!

Watakaonikumbusha kwamba 'chanya' na 'hasi' zimo kamusini hawakosei. Katika hesabu na umeme zinafaa sana. Ila hapa jambo lenyewe ni rangi kushika au kutoshika. Kwa nini tusiseme hivyo? Napendekeza 'bakteria washikarangi ya Gram' na 'bakteria waachiarangi ya Gram'. Ni marefu kidogo, lakini hayamdanganyi mgonjwa kwamba amepona.