Jicho Ndiyo Pasipoti: Nimepita Smart Tunnel ya Dubai

Hakuna aliyeniomba pasipoti! Nimeingia Smart Tunnel ya uwanja wa ndege wa Dubai, jengo namba 3, begi begani, nikatazama mbele kama nilivyoelekezwa, nikaendelea kutembea, milango ikafunguka. Basi! Nimeshatoka nchini kisheria. Hakuna kibanda, hakuna dirisha la kioo, hakuna mhuri. Walipoizindua Oktoba 2018 walisema abiria atamaliza kwa sekunde 15, na kwa jinsi nilivyopita sina la kubisha.

Kwa mkaazi kama mimi, kazi kubwa ni kusajiliwa. Ukishamaliza hilo, kamera ndiyo inayokujua. Wazo lenyewe lilikuja na mbwembwe zaidi: mwaka 2017 ulionyeshwa mpango wa njia yenye kamera 80 na kuta zinazoonyesha samaki wakiogelea, ili abiria ageuze shingo huku na huku akishangaa, na kamera zimpate kila upande. Aliyebuni hilo anawajua binadamu!

Lakini kilichonipagawisha ni jinsi jicho linavyosomwa. Mtazame usoni mtu wa kwetu, macho meusi: huoni chochote ndani yake ila giza la kahawia. Sasa mmulike kwa mwanga wa infraredi, ule usioonekana, na pete inayozunguka mboni inajaa nyuzi, mifereji na vishimo, ramani nzima iliyokuwa imejificha tangu kabla hajazaliwa. Jicho la Mdigo na jicho la Mnorwei yote mawili yanasomeka. Hili si jambo dogo. Mwaka 2019 taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, NIST, ilipima programu za kutambua sura, ikakuta nyingi zinachanganya nyuso za Waafrika na Waasia mara nyingi zaidi kuliko za Wazungu. Anayejua adha ya kuwekwa kando na kuhojiwa kwa sababu ya sura yake ataelewa kwa nini nimesisimka hivi.

Hisabati ya kusoma jicho ni ya John Daugman wa Chuo Kikuu cha Cambridge, aliyepata hataza yake mwaka 1994. Anachukua ile pete, anaigeuza kuwa msimbo wa biti 2,048, na huo ndio unaolinganishwa. Mapacha wa kufanana wana misimbo tofauti. Hata jicho lako la kulia na la kushoto hayafanani!

Na Falme za Kiarabu hawakuanza juzi kusoma macho; walianza 2001. Walikuwa na tatizo ambalo karatasi haiwezi kulitatua: mtu anafukuzwa nchini, anakwenda kwao, anabadilisha jina, anachukua pasipoti mpya iliyo halali kabisa, anarudi. Ofisa afanye nini? Pasipoti ni ya kweli, picha ni yake, jina halimo kwenye orodha. Jicho likasomwa, na macho yaliyofukuzwa jana yakakutwa mlangoni leo. Daugman alipewa picha za macho 632,500 kutoka huko, za watu wa mataifa 152, akalinganisha kila moja na nyingine, jumla milinganisho bilioni 200. Kwa kipimo kikali, hakuna hata jozi moja ya watu wawili iliyochanganywa. Bilioni 200! Nimeisoma tarakimu hiyo tena na tena na bado inanitoa jasho.

Kuna jambo moja ninalotaka lishikwe kwa mikono miwili. Neno la siri likiibwa unaweka jingine. Jicho likinakiliwa huna jingine la kuweka. Kwa hiyo anayehifadhi msimbo wa jicho langu lazima abanwe na sheria: autumie mpakani tu, na mimi niwe na haki ya kuuliza umekaa wapi na nani ameufungua. Msisimko wangu wote unategemea hilo.

Kwetu Afrika Mashariki msingi upo. Kenya ilianza kutoa pasipoti za kielektroniki 2017, Tanzania 2018, na ndani ya kila moja kuna chipu yenye picha ya mwenyewe. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Namanga, kwenye mpaka wa nchi hizo mbili, tayari maofisa wa Kenya na wa Tanzania wanakaa jengo moja. Mama anayevuka pale na mzigo wa nguo, anayejulikana na kila mtu isipokuwa kompyuta, anastahili mlango unaomtambua kwa sekunde chache, ili ofisa abaki na muda wa kumshughulikia anayevusha watoto wasio wake.

Wakubwa wa Uhamiaji, Nairobi na Dodoma: njooni mpite hapa wenyewe, kisha mkaanze na Namanga.