Kumkagua Quarter Horse: Anza Kwatoni

Anayemwona Quarter Horse kwa mara ya kwanza macho yake hukimbilia nyuma. Mapaja ni mapana, yametuna, na misuli inashuka hadi karibu na kifundo cha mguu. Wauzaji wanalijua hilo, ndiyo maana picha nyingi za matangazo humwonyesha farasi akiwa ameelekeza mapaja kwenye kamera. Ushauri wangu ni kuyaacha mapaja yasubiri. Farasi huyu amezaliwa na kazi na kazi ndiyo inayompima. Misuli isiyo na mifupa na kwato za kuibeba ni mzigo tu, na mwenye kuulipia mzigo huo ni mnunuzi.

Asili yake ni Virginia ya wakati wa ukoloni wa Waingereza. Huko walowezi walipenda kushindanisha farasi wawili wawili, katika barabara ya kijiji au katika njia iliyofyekwa msituni. Nafasi haikuwa kubwa, hivyo mbio zikawa za robo maili, kama mita 400, na jina la farasi likatokana na umbali huo. Waliwapandisha farasi wao wa Kiingereza na wale wafupi, imara, wa damu ya Kihispania, waliokuwa wakifugwa na Wachickasaw, kabila la wenyeji wa Amerika. Katikati ya karne ya 18 likaletwa kutoka Uingereza dume aitwaye Janus, akaacha watoto wengi wenye kifua kipana na mwanzo mkali wa mbio. Watu walipohamia magharibi, farasi huyu alikutana na ng'ombe wa Texas, na hapo ndipo alipopata kazi iliyomkamilisha. Chama cha kumwandikisha, AQHA, kilianzishwa Fort Worth tarehe 15 Machi 1940. Namba ya kwanza katika daftari lake ilipewa Wimpy, dume la King Ranch lililoshinda maonyesho ya Fort Worth mwaka 1941. Tangu hapo wameandikishwa farasi zaidi ya milioni 5.

Nimeyataja haya kwa sababu yanaeleza umbo. Farasi wa kuchomoka kwa kasi na kufika mita 400 kabla ya kupumua vizuri anahitaji injini nyuma. Farasi wa kumzuia ng'ombe anahitaji kusimama ghafla, kugeuka na kuondoka tena, na kazi hiyo huanguka juu ya vifundo vya nyuma na kiuno. Aliyewahi kutazama mbio za Ngong, Nairobi, ameona Thoroughbred, farasi mrefu mwenye miguu mirefu na tumbo lililopanda, aliyejengwa kwa umbali kama ule wa mita 2,400 wa Derby ya Kenya. Wape hao wawili mita 400, Quarter Horse atatangulia. Walio bora humaliza umbali huo kwa chini ya sekunde 21. Wape mita 2,000, Thoroughbred atamwacha mbali.

Sasa kagua. Mwambie mwenyewe amsimamishe farasi juu ya ardhi ngumu iliyo sawa, si kwenye nyasi ndefu zinazoficha kwato. Nyasi ndefu ni rafiki mkubwa wa muuzaji. Chuchumaa pembeni, usimsogelee sana, uitazame kwato ya mbele. Mstari wa ukuta wa kwato ufuatane na mstari wa kile kipande kifupi cha mguu kinachoshuka juu yake, kana kwamba vimechorwa kwa rula moja. Kipande hicho kikiwa kimesimama wima, kishindo cha kila hatua hakina pa kupoozwa, hupanda moja kwa moja. Halafu omba mguu unyanyuliwe. Kisigino kiwe kipana, ile pembetatu laini ya katikati ya wayo iwe nene na yenye afya, na nusu mbili za kwato zilingane. Linganisha kwato ya kushoto na ya kulia. Moja ikiwa nyembamba na yenye kusimama zaidi ya mwenzake, huenda farasi amekuwa akiukwepa mguu huo kwa muda mrefu.

Hapa sina huruma, na sababu ninayo. Kwa miaka mingi katika karne ya 20, ulikuwepo mtindo wa kupenda kwato ndogo chini ya mwili mkubwa. Majaji waliutuza, wafugaji wakaufuata. Matokeo yake ni kwamba Quarter Horse ni miongoni mwa farasi wanaosumbuliwa sana na maumivu ya kile kimfupa kidogo kilichojificha nyuma ndani ya kwato, ambacho madaktari wa mifugo hukiita navikula. Farasi wa kilo 500 anayetembea juu ya kwato za farasi wa kilo 350 hana pa kuukimbilia uzito wake. Dalili unaweza kuziona mwenyewe. Mtembeze taratibu juu ya saruji na utazame kwato inavyotua. Kwato nzima hutua bapa au kwa kisigino kwanza. Yenye maumivu hutanguliza ncha, na hatua huwa fupi, za kubabaisha. Akisimama kupumzika, mwenye maumivu huuchomoza mguu mmoja mbele, kisha mwingine, akitafuta nafuu.

Panda juu kidogo. Muundi uwe mfupi, goti liwe pana na bapa kwa mbele. Goti lililoingia nyuma, ukilitazama kwa pembeni, ni kasoro mbaya kuliko lile lililochomoza mbele kidogo, maana kila akikimbia goti hilo hujikunja kinyume na maumbile. Beba futi ya fundi cherehani, uzungushe muundi chini ya goti. Kwa farasi wa kilo 450, sentimita 18 ni kiwango cha chini ambacho ningekubali, na 20 hunipa usingizi mzuri. Muuzaji akikucheka, mwache acheke, wewe pima.

Rudi hatua chache, umtazame mzima. Gawa mwili wake sehemu tatu: bega, mgongo, na nyuma kuanzia kiuno hadi shina la mkia. Zikaribiane kwa urefu, na mgongo usiwe ndio mrefu kuliko zote. Mstari wa juu, kutoka kinundu cha mabega hadi kiunoni, uwe mfupi kuliko mstari wa tumbo. Hapo utajua kwamba bega limelala vizuri na miguu ya nyuma ina nafasi ya kuingia chini ya mwili. Kisha linganisha kinundu cha mabega na kilele cha kiuno. Wengi wa mbegu hii wako juu nyuma, yaani wamejengwa kama wanaoteremka mlima. Farasi wa namna hiyo huangusha uzito wake mbele, tandiko humtelezea shingoni, na anayempanda huchoka mikono. Kwa mwenye miaka 2 vumilia, kwani nyuma hukua kwanza na mbele hufuata. Kwa mwenye miaka 6 hakuna cha kusubiri.

Kichwa kiwe kifupi, masikio madogo, macho yawe mbalimbali, na taya, hasa la dume, liwe kubwa. Ni alama za uzao na zinapendeza, lakini hakuna aliyewahi kupanda kichwa. Jambo moja tu la kichwa lina uzito: pale kinapoungana na shingo pawe pembamba na safi, ili farasi aweze kuikunja bila kujibana koo.

Sasa mapaja, yale yaliyokuwa yakisubiri. Simama nyuma yake, kwa pembeni na kwa mbali, mahali ambapo teke halitakufikia. Sehemu pana kuliko zote iwe kwenye goti la nyuma, si kwenye nyonga. Kutoka hapo misuli ishuke ndani na nje ya mguu mpaka karibu na kifundo. Kwa pembeni tazama pembe ya kifundo. Kikiwa kimenyooka kama nguzo, farasi huonekana mnene na mwenye kupendeza akiwa amesimama, lakini kila akijizuia mshtuko huishia kwenye viungo. Kikipinda kidogo kupita kiasi, wapanda farasi wa mashindano ya hatamu hawakasiriki, kwa kuwa kifundo hicho humsaidia farasi kuingiza miguu chini na kuteleza anaposimama. Ndiyo maana hukumu ya umbo haikamiliki bila kuuliza kazi.

Dume lililofunza ulimwengu wa farasi somo hili liliitwa Impressive, aliyezaliwa mwaka 1969. Lilikuwa bingwa wa dunia wa mashindano ya umbo mwaka 1974, yale ambayo farasi husimamishwa tu na kutazamwa, hapandwi. Misuli kama yake ilikuwa haijawahi kuonekana. Kila mfugaji alitaka damu yake, na likaacha watoto zaidi ya 2,000, wengi wao washindi. Miaka ikapita, farasi wa ukoo huo wakaanza kutetemeka misuli, kulegea, kuanguka, wengine kufa ghafla. Mwaka 1992 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha California huko Davis, walikibaini chanzo: hitilafu ya kinasaba katika milango inayopitisha sodiamu kwenye misuli, ugonjwa unaoitwa HYPP. Mtoto akirithi nakala moja tu, anao. Wale waliokuwa na misuli ya kushangaza na wale waliokuwa wakianguka zizini walikuwa wa damu moja, na wengine walikuwa farasi walewale. AQHA ilichukua muda mrefu kuamua. Waliozaliwa kuanzia mwaka 2007 wakiwa na nakala mbili za hitilafu hiyo hawaandikishwi. Wenye nakala moja bado wanakubaliwa, na mimi naona ni kosa, kwa kuwa ugonjwa huo hautatoweka maadamu tuzo zinaendelea kuushikilia.

Kwa hiyo usinunue bila karatasi ya vipimo vya vinasaba. Huchukuliwa nywele chache za shingoni zikiwa na mizizi yake, zikapelekwa maabara. HYPP ni ugonjwa mmoja tu katika orodha. Upo HERDA, uliofuatiliwa hadi kwenye ukoo wa dume Poco Bueno, ambao hufanya ngozi ya mgongoni ichanike chini ya tandiko. Mara nyingi hugunduliwa farasi akiwa na miaka 2, siku za kwanza za mafunzo. Huo huhitaji nakala mbili, hivyo mzazi mwenye moja huonekana mzima kabisa. Ndiyo maana anayetaka kuzalisha apime dume na jike pia.

Mfano wa upande wa pili ni Doc Bar, aliyezaliwa mwaka 1956. Alifugwa kwa ajili ya mbio, akakimbia mara 4, akaingiza dola 95 kwa jumla. Akapelekwa kwenye mashindano ya umbo akang'ara, lakini sifa yake haikutoka huko. Watoto wake walipowekwa mbele ya ng'ombe, ilionekana wanajua kusoma mnyama kabla hajaamua. Leo ni vigumu kumpata farasi bingwa wa kutenga ng'ombe asiye na damu yake.

Wasomaji wetu walioko Texas wana bahati: mashindano makubwa ya kutenga ng'ombe hufanyika Fort Worth, katika kumbi za Will Rogers. Mpandaji huingia taratibu katikati ya kundi, akamtoa ng'ombe mmoja, kisha akateremsha mkono na kulegeza hatamu. Kuanzia hapo farasi yuko peke yake. Ng'ombe anataka kurudi kwa wenzake, farasi amemzuia. Tazama viwiko vya mbele vinavyokaribia kugusa mchanga, masikio yaliyomwelekea ng'ombe, na kifua kinachohama kushoto na kulia huku miguu ya nyuma ikibaki imeshika chini. Mpandaji akionekana kuvuta hatamu, alama hukatwa. Zoezi zima lina dakika 2 na nusu. Farasi mzuri huhama pamoja na ng'ombe. Farasi wa kawaida huhama baada yake. Ukishaijua tofauti hiyo, hutadanganyika tena na picha.

Watu huniuliza kama kweli ni mpole. Kwa wastani, ndiyo: hutulia, hujifunza upesi, na ndiyo sababu shule nyingi za kupanda farasi Marekani humpa mgeni Quarter Horse. Lakini koo za mbio na zile za kutenga ng'ombe zina moto wake, na mwanzaji asipewe farasi kwa kutegemea jina la mbegu. Huuliza pia rangi. Rangi haibebi mtu. Kimo cha kawaida ni kati ya sentimita 145 na 163 kwenye kinundu cha mabega, na akitunzwa huishi miaka 25 hadi 30.

Swali lenye uzito zaidi ni la umri wa kuanza kazi. Mbio huanza akiwa na miaka 2, na tuzo nono za kutenga ng'ombe na za hatamu hushindaniwa na wa miaka 3, wakati mifupa ya uti wa mgongo huendelea kukomaa hadi miaka 5 na zaidi. Farasi aliyestaafu mashindano akiwa na miaka 6 uulize amestaafu kwa nini, na udai picha za eksirei za kwato na vifundo kabla ya kutoa pesa. Anayenunua kwa mara ya kwanza namshauri atafute wa miaka 12 hadi 15 ambaye bado anafanya kazi. Muombe muuzaji umkute farasi zizini hajafanyishwa kitu siku hiyo, atandikwe mbele yako, apandwe na mwenyewe kwanza, kisha wewe. Usafiri ukiruhusu, rudi kesho yake asubuhi umwone anavyotoka zizini, hatua kumi za kwanza, kabla viungo havijapata joto.