Kosa la Jangwani Lisipande Karatu

Kuipeleka karakana ya mabasi ya mwendokasi Jangwani, kwenye bonde la Mto Msimbazi, lilikuwa kosa la wazi, na bahati mbaya haihusiki. Desemba 2011 Mto Msimbazi ulifurika, watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha Dar es Salaam, na familia za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Miaka michache baadaye, pale pale palipotangazwa kuwa hapakaliki, yakaegeshwa mabasi mapya. Huduma ilipoanza Mei 2016, aliyejua tabia ya mto huo alikuwa akisubiri masika tu.

Vishawishi vilikuwepo: uwanja mpana, ulio njiani, karibu na Kariakoo. Lakini katika jiji lenye njaa ya viwanja, uwanja wa namna hiyo uliobaki wazi unapaswa kumtia mpangaji shaka kabla ya kumfurahisha. Nani aliuacha wazi, na kwa nini?

Jibu liko kwenye mto. Msimbazi hushuka kutoka vilima vya Pugu, hukusanya maji ya eneo la takriban kilomita za mraba 270, hufika tambarare ya Jangwani, kisha hubanwa kwenye Daraja la Selander kabla ya kuingia baharini. Penye tambarare maji hupunguza kasi na kutua mchanga, hivyo kina cha mto hupungua mwaka hadi mwaka. Mvua iliyopita ndani ya kingo juzi, leo inapita juu yake. Anayepima kina cha maji bila kupima mchanga amepima nusu ya hatari. Juu ya hayo, Barabara ya Morogoro inalikatiza bonde kwa tuta. Maji yakizidi uwezo wa madaraja hurudi nyuma kutafuta upenyo, na huko kwenye upenyo ndiko karakana ilikojengewa uzio.

Aprili 2018 wasomaji waliona wenyewe: maji ya tope karakanani, mabasi yameharibika, abiria wamekwama. Sasa karakana inahamishiwa Ubungo Maziwa chini ya Mradi wa Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliupitishia mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022. Benki hiyo hiyo ndiyo iliyogharimia miundombinu ya awamu ya kwanza ya mwendokasi. Deni juu ya deni.

Linalokera zaidi ni Desemba 2015, wakati alama za X nyekundu zilipokuwa zikipigwa kwenye nyumba za bondeni na matingatinga yakinguruma. Mkazi alivunjiwa, karakana ikabaki.

Rungu lililotumika lilikuwa mita 60, na safu hii haichoki kuzilalamikia. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kibinadamu za kudumu au zenye kudhuru mazingira ndani ya umbali huo kutoka ukingo wa mto. Kama kinga ya mazingira, sawa. Kama kipimo cha mafuriko, ni rula isiyojua mlima wala tambarare. Daraja jipya la Jangwani limesanifiwa kwa urefu wa mita 390. Huo ndio upana ambao mto unaudai, na rula haiuoni.

Wazee wa mipango miji walikuwa na macho. Mpango wa mwaka 1949 uliyaacha mabonde ya Dar es Salaam wazi ili upepo wa bahari upite. Ule wa 1979 ukayahesabu kuwa ardhi ya hatari. Hawakuwa na droni wala kompyuta mezani. Siku hizi macho hayo yamepata msaada: mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015 kwa wanafunzi na wakazi kuchora mitaro na kuonyesha maji yalipofika, ni kazi safi.

Hayo yanaihusu nini Karatu? Mji huu unakua kando ya barabara ya kwenda lango la Ngorongoro, juu ya udongo mwekundu unaochimbika upesi, na makorongo yake mengi ni makavu sehemu kubwa ya mwaka. Ukingo wa kupimia hizo mita 60 unaanzia wapi, wakati korongo linakula ardhi kila masika? Penye kuta ndefu, mita 60 zaweza kumfukuza mtu aliye juu kilimani, pakavu. Penye tambarare zikamruhusu anayelala njiani mwa maji. Kipimo cha mvua kinachosomwa mara moja kwa siku, saa 3 asubuhi, nacho hakisemi kama milimita 50 zilinyesha usiku kucha au kwa saa moja, na kwa korongo fupi lenye mteremko mkali hiyo ndiyo habari yote.

Somo liko jirani: Wairaqw wa Mama Isara, huko Mbulu, walijenga nyumba zao miteremkoni na kuiachia mifugo sehemu nyingi za chini bondeni. Na Katesh, Desemba 3, 2023, ilionyesha kwamba penye mlima kina cha maji si hatari pekee: tope na mawe ya Mlima Hanang viliua watu zaidi ya 80.

Kwa hiyo kazi ianzie chini, kwa miguu. Baada ya mvua kubwa, nyasi na takataka zilizonasa kwenye seng'enge huonyesha maji yalifika wapi. Mtu mwenye rangi, futi kamba na simu anaweza kuweka alama siku hiyo hiyo. Bodi ya Maji Bonde la Kati iongeze vipimo vya mvua vinavyojiandikia. Halmashauri ya Karatu nayo ichore mstari wa hatari kwenye ramani ya mji kabla ya kugawa kiwanja kingine kando ya korongo, na majengo yake yenyewe yawe ya kwanza kukaguliwa.